Kimeo Hakina Kosa

Nyinyi wasichana mnaoingia ghalani mwaka huu na mikono yenu laini: watatu wenu mlinikuta kisimani mkaniuliza kwa nini mimi, niliyefanya kazi ya sandarusi miaka tisa na bado nina meno yangu yote, nimekaa kitako nyumbani kama kizee. Sikuwajibu pale kisimani kwa sababu palikuwa na watu, na mimi nikianza neno hili huwa napiga kelele. Nimeona niwaandikie. Mmoja wenu anajua kusoma. Basi na awasomee wenzake kwa sauti, kama sauti bado anayo.

Nianze na kazi, maana anayelaumu watu bila kuijua kazi yao ni mpumbavu, na wapumbavu Bagamoyo tunao wa kutosha. Sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale unaochimbwa ardhini, ikitoka bara huja na udongo mwekundu umeigandama kama ukoko kwenye chungu cha mvivu. Ukiitupa njiani hakuna atakayeinama kuiokota. Sisi ndio tunaoivua ganda mpaka ing'ae. Unailoweka katika maji ya magadi, unaisugua kwa makumbi ya nazi, unaianika, kisha unakwangua kwa kisu kidogo uchafu uliobaki kwenye mikunjo. Iliyo njema ina vipele vidogo juu yake, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo anavyovitaka mnunuzi. Ukikwangua kwa pupa ukaviondoa, umeharibu kipande. Na ile changa isiyo na bei, tunayoiita chakazi, msiichanganye na iliyokomaa. Watu watawaambia mtaijua kwa kuitazama. Waongo hao. Isugueni kiganjani mpaka ipate joto. Ikinata, ni chakazi.

Mimi niliharibu pipa zima wiki yangu ya pili. Nilitia magadi mara mbili ya kiasi, nikidhani makali ndiyo usafi. Bi Kirembo, mkuu wa wanawake ghalani, aliingiza mkono akatoa kipande, akakishika mbele ya uso wangu. Kilikuwa cheupe, kimekufa.

"Hii nini?"

"Sandarusi, bibi."

"Hili jicho la mbuzi mfu. Kule misheni walikufundisha kusoma, hawakukufundisha kuonja?"

Akanichovya kidole katika lile pipa akanitia kidole changu mwenyewe kinywani. Niliruka kama nimeng'atwa na siafu. "Magadi yanayofaa," akasema, "yanachoma ncha ya ulimi tu. Yakichoma ulimi wote, mwaga." Sijawahi kukosea tena, na nyinyi msikosee. Bi Kirembo alikuwa akiifanya kazi ile kabla mimi sijazaliwa, na kila ninachokijua kuhusu sandarusi alinipa yeye. Nilimpenda. Hilo lieleweke, maana nitamsema vibaya sasa hivi.

Mmeshaona kwamba mlango wa ghala hufungwa. Bwana mwenye ghala anataka ufungwe, maana upepo wa baharini hupeperusha vipande vidogo, na macho ya wapita njia nayo hupeperusha vikubwa. Basi tunafungiwa, wanawake ishirini na zaidi, tunakwangua. Vumbi la sandarusi ni jepesi kuliko unga wa muhogo. Linapanda, linakaa hewani, halitui upesi. Ukimtazama mwenzako saa za mchana, nyusi zake zimekuwa za ajuza. Na siku ya thelathini hivi, koo linaanza.

Najua limeanza. Niliwasikia kisimani. Linaanza kwa kuwasha, kama umemeza gamba la samaki. Unakohoa kulitoa, halitoki. Asubuhi sauti ni ya dume la bata, jioni huna sauti kabisa. Mate unayameza kwa kufumba macho. Na hapo kila mtu Bagamoyo anakuwa mganga.

Mimi nilikunywa yote. Mtawa mmoja wa misheni alinipa kwinini, maana yeye mguu ukiuma ni kwinini, jino likiuma ni kwinini. Masikio yalivuma siku tatu, koo likabaki palepale. Jirani alinitafunisha tangawizi mbichi mpaka machozi yakakauka. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikaliosha nikalinywa, mimi Mkristo, na padri sikumwambia. Mama mmoja akaniambia nisimame kinywa wazi kuelekea jua linapochomoza. Nilisimama. Aliyefaidika ni nzi.

Ndipo Bi Kirembo akaniambia, "Mwanangu, unajisumbua. Hicho ni kimeo."

Mnakijua kimeo: kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kama tone linalokataa kudondoka. Ghalani kwetu ilikuwa inajulikana, kama inavyojulikana kwamba maji yanalowesha, kwamba kimeo kikirefuka kinagusa koo, na koo likiguswa linakohoa. Dawa yake ni kukikata. Mkataji alikuwa Fundi Sefu, mtu mwenye kanzu safi siku zote na kisu kilichopinda kama ukucha wa kuku, kimefungwa kwenye kijiti. Karibu kila mwanamke ghalani alikuwa amekatwa. Ambaye bado, walimwita mgeni, hata akiwa na mwaka wa pili. Walimcheka: "Bado una mkia wako?" Nilikatwa mwezi wangu wa nne kazini. Sitawaeleza ladha yake. Nitasema tu kwamba aliniwekea kile kipande kiganjani akasema, "Mtazame adui yako," na mimi, msomi mzima, nikamtazama adui yangu na nikamshukuru fundi.

Na nilipona! Ndiyo. Msinikatize. Baada ya kukatwa, desturi ni kukaa nyumbani siku saba, unywe uji wa baridi, usiseme. Siku ya saba nilimeza mate kama mtoto mchanga. Nikarudi kazini nikimsifu Fundi Sefu kwa kila aliyenisikiliza. Mwezi haukuisha, lile gamba la samaki likarudi.

"Kimeota tena," akasema Fundi Sefu. "Vimeo vingine vina mizizi."

Nikakatwa tena. Siku saba, nikapona. Mwezi, likarudi. Jamani, mimi niliyekuwa nahesabu vipande vya sandarusi kwa mafungu bila kukosea, sikuweza kuhesabu mpaka saba. Hiyo ndiyo aibu yangu, na nimeiandika ili msiseme nawacheka nyinyi tu. Na mpaka leo nikinywa maji kwa haraka yananitokea puani.

Nilikuwa na rafiki pale, Tatu. Tatu hakuwa huru. Bibi aliyemmiliki alimpeleka ghalani kama mtu anavyopeleka punda kwa mwenye mzigo. Sisi wengine tukiugua tungeweza kukaa nyumbani na kusemwa. Tatu asingeweza. Siku pekee alizoruhusiwa kulala mchana zilikuwa zile saba za kisu, kwa sababu hata bibi yake aliamini kimeo. Alikuwa amekatwa mara tano. Siku moja nilimwambia, "Tatu, huko nyuma kumebaki nini cha kukata?" Akacheka bila sauti. "Kikikosekana cha kukata," akasema, "nitamwambia akate hewa. Mimi nazitaka siku zangu."

Alikuwa na binti wa miaka mitatu, Zaina, aliyekuwa akicheza chini ya meza ya kukwangulia, palepale vumbi linapotua. Zaina akaanza kukohoa. Bi Kirembo akamwita Fundi Sefu. Fundi akasema mtoto ashikwe kichwa na mtu mwenye mikono thabiti. Mikono thabiti ghalani ilikuwa yangu.

Nilimshika. Nilikibana kile kichwa katikati ya mapaja yangu na nikamwambia anyamaze, hakuna kitu, ni kama kung'oa mwiba. Damu haikukatika mpaka alasiri. Siku ya pili homa. Siku ya tatu tulimzika. Watu walisema ni amri ya Mungu, na Fundi Sefu alikuja matangani na kanzu yake safi, akala wali. Tatu hakupewa siku saba. Aliyekatwa si yeye.

Nilikuwa na mimba ya mwanangu Veronika wakati ule, na nilikuwa bado naamini. Naliandika hili polepole ili msomaji wenu asiliruke.

Kilichonifumbua macho si elimu ya misheni. Ni mvua. Mwaka ule masika yaligoma kwisha. Sandarusi haikuweza kukauka, magunia hayakuweza kutoka bara, bwana akafunga ghala wiki nzima, kisha nyingine, kisha nyingine. Tulikaa majumbani. Nilikuwa nazungukia wenzangu kuwapelekea mihogo, maana tulikuwa na shamba, na nyumba ya kwanza mwanamke ananipokea kwa sauti kama kengele: "Karibu, karibu, shoga!" Nyumba ya pili vilevile. Nyumba ya tatu nilimkuta anaimba. Mwaka mzima sikuwahi kujua kwamba yule mwanamke ana sauti ya kuimbia! Nikamuuliza, "Umekatwa lini?" Akasema, "Tangu mfungo uliopita sijakatwa." Hakuna aliyekuwa amekatwa. Fundi Sefu alikuwa kwa nduguye Mbegani muda wote wa mvua. Kisu hakikuvuka mto, na makoo yote yamepona.

Nilisimama kwenye tope na kikapu changu nikahesabu mpaka saba.

Nikaenda kwa Bi Kirembo siku ileile. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa?"

Nikamweleza. Si kimeo, ni vumbi. Si kisu kinachoponya, ni kukaa nyumbani. Tufungue mlango, au tukwangue nje chini ya makuti, au tujifunge vitambaa vibichi puani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alikuwa na adabu ya kunimiminia kahawa. Kisha akasema, "Mimi nimekatwa mara kumi na moja. Unataka kuniambia zote zilikuwa bure?"

Jibu ninalo sasa: ndiyo, bibi, zote. Lakini pale nilinywa kahawa nikaenda zangu.

Ghala likafunguliwa. Mimi nikaanza kufunga kitambaa kibichi puani na kinywani. Ilikuwa sherehe! "Bibi harusi kaja!" "Mtawa, tuombee!" Kilipokauka nilikilowesha, kilipochafuka nilikikamua nikawaonyesha tope la njano. "Hili ndilo mlilokuwa mnalimeza." Walicheka na kukohoa, wakakohoa na kucheka. Tatu pekee alijifunga kama mimi. Koo langu lilikuwa nafuu, si zima. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Na mimi, mjuaji mkubwa, kumbe nilikuwa na upumbavu mwingine. Nilijifunga uso wangu mimi. Veronika nilikuwa namchukua mgongoni, kisha akikua nikamwacha acheze chini ya meza. Kitambaa alikivua mara moja nilipogeuka, kama mtoto yeyote angefanya. Alipotimiza miaka mitatu akaanza: kikohozi kikavu, mkono shingoni, uji anaukataa. Sauti ikaenda.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kwenye pipa naonja magadi, nikainua kichwa nikamwona Fundi Sefu ameketi kwenye mkeka, kisu kimelala juu ya jani la mgomba, na Bi Kirembo amempakata mwanangu.

"Nimemwita mimi," akasema Bi Kirembo. "Wewe umekuwa mgumu. Mtoto anateseka."

"Nipe mwanangu, bibi."

"Mama Vero, mshike kichwa tu. Mikono yako inaaminika."

Labda asingesema hilo la mikono. Nilimnyakua Veronika nikaanza kusema, na nilisema kila kitu, nililitaja jina la Zaina mbele ya mama yake, Mungu anisamehe. Fundi Sefu akasimama. Hajazoea kujibiwa na mwanamke. Akafungua kinywa kunikemea, akakipanua hasa, na alikuwa amesimama pale palipo na tundu la paa, mwanga unamwangukia usoni.

"Mwanamke huna haya! Mimi nimekata vimeo vya Bagamoyo hii kabla ya —"

"Fundi," nikasema, "kumbe chako kipo."

"Nini?"

"Kimeo chako. Nakiona kinaning'inia, kizima, kinene kama bilimbi. Kwa nini hujakikata?"

Akafunga kinywa. Akakifungua tena, na hapo ndipo alipotusomesha wote, bila kujua. "Nikate cha nini?" akasema. "Mimi nakohoa? Mimi nashinda humu ndani na mavumbi yenu?"

Hata waliokuwa wanakohoa walijizuia. Mwanamke mmoja aliweka chini kisu chake cha kukwangulia, polepole, kama mtu aliyeshika yai. Nikamtazama Bi Kirembo, nikingoja. Alikuwa ameelewa, miaka tisa naujua uso ule. Akainamisha macho akafuta vumbi kwenye goti lake.

"Usimvunjie mtu mzima heshima, Mama Vero," akasema. "Na kama mtoto hatibiwi, usimlete hapa akawakoholea wenzake."

Tatu ndiye aliyenifungulia mlango. Aliondoa komeo, akausukuma mpaka mwisho, jua likaingia na lile vumbi likaonekana lote limesimama hewani kama ukuta. Alimgusa Veronika shavuni kwa nyuma ya kidole. Nilipofika barabarani nilisikia komeo likirudi mahali pake.

Hivyo ndivyo nilivyoacha kazi. Mkiambiwa nilifukuzwa kwa wizi wa chakazi, sasa mnajua. Nani ataiba chakazi?

Mngependa niishie hapo, mimi mshindi. Sivyo. Baba Vero alitupeleka Miono kwa mama yake, siku mbili njiani, mtoto begani kwake akikohoa njia nzima. Nilikuwa na uhakika: siku saba. Nilimpa maji ya vuguvugu yenye asali kijiko kwa kijiko, nilimpa uji mwepesi usio wa moto, mimi mwenyewe nilisukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni, na nilikataa asilale jikoni penye moshi ingawa mama mkwe alinung'unika kwamba namnyima mtoto joto. Siku ya saba ikaja. Veronika alikohoa kama siku ya kwanza. Ya nane. Ya tisa alikataa hata maji.

Mama mkwe akasema, "Mkwe wangu, kuna mkataji kijiji cha pili. Mkono wake mwepesi."

Nikamfunga mtoto mgongoni nikaondoka. Nawaambia kweli kwa sababu hakuna atakayewaambia: mimi, niliyefoka ghalani mbele ya watu wote, nilitembea nusu ya njia kwenda kwa mkataji. Mtoto akikohoa mgongoni mwako unausikia ubavuni mwako kila mkohozo. Akili inageuka maji. Nilijiambia labda vimeo vingine vina mizizi.

Nikaketi kando ya shamba la mtama nikamshusha. "Panua kinywa, mama aone." Akapanua. Koo pembeni lilikuwa jekundu, limevimba, limekwaruzika. Na pale katikati kimeo chake, kidogo kama ushanga, kimetulia, hakigusi kitu. Nilikitazama mpaka akachoka kupanua. Nimeona vidonda, nimeona sandarusi iliyoungua kwa magadi, najua kitu kilichochubuliwa na kitu kilichochubua. Kile hakikuwa kimefanya lolote. Nikamfunga tena mgongoni nikarudi, na mama mkwe aliponiuliza nikamwambia mkataji nimemkosa.

Siku ya kumi na moja alikunywa maji. Ya kumi na nne alilala bila kukohoa, na mimi sikulala, nilikuwa nasikiliza. Koo la mtoto aliyekulia chini ya meza ile halitaki siku saba, linataka siku zake. Nyinyi pia, mkikaa nyumbani mkaona bado, ngojeni tena kabla hamjapanua vinywa mbele ya mtu mwenye kisu.

Ya kumi na tisa, mama mkwe alimwekea uji akasahau kuupoza. Veronika akatia kidole. Alipiga ukelele uliowatoa kuku uani, ukawatoa na majirani, sauti nyembamba, safi, haina hata mkwaruzo mmoja, na hakuishia hapo. Alivuta pumzi akapiga mwingine.

"Mnyamazishe mtoto!" mama mkwe akaita kutoka jikoni. "Watu watasema tunamchinja!"

"Mwache, mama," nikasema. "Mwache alie."